Tarishi Asiyekwenda Popote

Mimi sipendi watu wanaokuja kupima vitu. Ila yule binti, Yesica, alikuja na adabu, akiongea lugha yetu, Kikechua cha kwao Cusco, akaomba atege wavu penye mkonge wangu ukutani. Alimtaka qinti mkubwa, yule ndege anayefyonza maua huku anaelea hewani, mwenye ukubwa wa mbayuwayu.

"Mtege," nikamwambia, "ila usimcheleweshe. Ana safari."

"Ya wapi, mama?"

"Chile. Kwa mwanangu."

Akacheka, akidhani ni utani. Kila mwaka tukivuna viazi, qinti huyo hufika ukutani kwangu, na hapa kwetu kila mtu anajua anatoka Chile. Mwanangu Nazario alikwenda huko akiwa amegombana na baba yake, Teofilo, naye mzee akaapa kuwa hatapigiwa simu kutoka nyumba hii. Namba ya Nazario ninayo, nimeishonea kwenye pindo la sketi.

Miaka mitatu iliyopita Teofilo akafa. Nilipanda mara mbili hadi kilimani, simu inaposhika, na mara mbili nikashuka bila kupiga. Ningeanzia wapi? Nikamwambia ndege. Nilimweleza yote pale ukutani, kuanzia homa mpaka jeneza, na maua yalipokwisha akaondoka nayo. Nazario alipokaa kimya nikajua amesikia, ila moyo wake mgumu kama wa baba yake. Nilimkasirikia sana. Nilikula peke yangu, nikalala peke yangu, na hasira ndiyo iliyokuwa inanipa joto.

Yesica alimpima ndege mabawa, akamtoa tone la damu, akamwachia. Baada ya miezi kadhaa akarudi na mkate.

"Mama, kumbe ndege hawa wapo aina mbili. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, hata mimi siwezi. Mmoja huzaa Chile, akapanda huku milimani, kisha akarudi. Mwingine ni wa huku huku."

"Wangu ni yule wa Chile."

"Wako ni wa huku huku. Damu imesema. Maua ya mkonge yakiisha anashuka bondeni kwenye mipungate, basi." Akauona uso wangu, akajaribu kunichekesha. "Na unajua kuna wataalamu walimpa jina gani huyo mkaa nyumbani? Chaski."

Chaski ni tarishi, yule mkimbiza habari wa wafalme wa kale. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kumbe na wasomi nao walimtwika mzigo asioubeba.

"Nimesema vibaya, mama?"

"Hujasema kitu, mwanangu. Kula mkate."

Alipoondoka nilikaa nje nikiutazama ukuta. Miaka mitatu nilikuwa nikiongea nao. Nilimlaani mtoto wangu kwa habari ambayo haikuvuka hata mto wetu, na aliyeogopa kupiga simu ni mimi.

Nikafumua pindo kwa meno, nikapanda kilimani. Simu iliita mara nne.

"Mama? Hii namba si ya huko kwetu?" Sauti ilikuwa imenenepa, lakini ni yake. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma, akamwambia mtu aizime. "Mama, ni wewe?"

"Ni mimi."

Nikamsikia anapenga kamasi, kisha anacheka.

"Kwa hiyo mzee amekuruhusu," akasema. "Hajambo? Au bado kaninunia?"