Marehemu Hawakai Kochini

Asubuhi ile karakana ilikuwa imejaa makochi hadi mlangoni, na marehemu wawili walikuwa wamesimama. Fundi Sponji, misumari midomoni, alikuwa akivuta kitambaa juu ya kochi la watu watatu. Baba yake alikufa zamani, kaka yake mwaka juzi, na wote wawili walipenda kuja kabla ya wateja, kusikiliza nyundo.

"Kaeni basi," Fundi aliwaambia. "Sponji mpya hiyo."

"Kule tunakaa kutwa," alijibu baba. "Acha tunyooshe miguu."

Hawakukaa hata siku moja. Walipoondoka, kila mmoja aliacha kidimbwi chake sakafuni. Mke wa Fundi alikuja na tambara akapangusa, akinung'unika kwamba wanaume wa ukoo huu hata kufa hawajui. Watu wakiuliza wawili hao waliugua nini, jibu lilikuwa moja: mgongo.

Sasa Fundi naye alikuwa ametimiza miaka hamsini na miwili, na mkojo ulikuwa umeanza kumfanyia ukaidi. Alisimama chooni hadi nzi wakamzoea.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "wewe ni fundi makochi au mlinzi wa choo? Kesho hospitali."

Wakaenda, na marehemu wakafuata nyuma. Muuguzi aliwaomba tu wasizibe mlango. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye haraka.

"Vipimo vya saratani ya tezi dume havitoshi," alisema, "kwa hiyo tunaanza na walio hatarini zaidi. Saratani hii inapenda umri, na umri unao. Inapenda watu weusi kama sisi, inatuwahi mapema na kutuua zaidi. Hilo nalo unalo."

"Basi nipimeni."

"Hayo mawili anayo kila aliye kwenye foleni, baba. La tatu ni damu. Kama baba yako au kaka yako aliugua, unapimwa leo. Kama hakuna, urudi mwakani."

Kisha akamgeukia mzee mwenyewe, maana wagonjwa wengi huja na marehemu wao, na hilo huokoa muda.

"Shikamoo mzee. Ulikufa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mgongo."

"Na wewe, kaka?"

"Mgongo," alisema kaka, akitazama dari.

Mke wa Fundi alishindwa kuvumilia. "Baba, mficha uchi hazai!"

"Nimezaa saba," alisema mzee.

Kidimbwi kilikuwa kimefika kwenye kiatu cha daktari. Akavuta mguu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakumjua mzee huyu. Kifo kilimchukua na siri yake, naye akarudi nayo haijafunguliwa hata fundo.

Mke akamfinya Fundi pajani. Fundi akafungua mdomo. Alikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba wanadanganya. Ila kumwita baba yako mwongo mbele ya mwanamke mgeni, naye ametoka kaburini kukusindikiza, si jambo dogo hata kwa mtu anayetaka kuishi. Na Fundi alitaka sana kuishi. Akafunga mdomo.

"Marehemu mwenyewe kasema," alisema daktari. "Mimi nani nimbishie? Mwakani."

Mwakani aliletwa amebebwa. Daktari yule yule alimpima bila swali lolote, akawaambia yeye na mkewe kwamba ni saratani ya tezi dume, na kwamba imeshaingia mifupani. Kweli sasa mgongo ulikuwa ukimuuma, hata akaona baba yake hakudanganya sana.

"Watoto wasijue," alimwambia mkewe. "Wataniona mwanamume gani?"

Mke alilia. Alimwita mpumbavu, akamtukania na ukoo wake mzima, waliokufa na waliobaki. Kisha akaapa kutosema, kwa sababu alimpenda.

Nyundo ikarithiwa na mtoto wao wa kwanza. Mazishi yalipopita wageni wa asubuhi wakawa watatu, Fundi katikati, wote wima. Kijana alitema misumari kiganjani.

"Baba, mimi nina watoto watatu wa kiume. Niambie kabla sijafika umri wako. Nini kilikuua?"

Fundi akatazama sakafu. Vidimbwi vitatu vilikuwa vimeanza kuungana. Mkewe aliingia na tambara, na Fundi akamwinulia macho, akitamani kwa moyo wote amsaliti.

"Mama?" kijana aliuliza. "Wewe ndiye uliyemuuguza."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Huyu ndiye aliyefua mashuka, aliyesikia jina la ugonjwa lote. Alimtazama mwanawe, akamtazama mumewe, akainama kupangusa.

"Mgongo," alisema. "Kazi za kuinama hizi. Wewe jitengenezee meza ya juu, mwanangu."

Kijana alishukuru. Mama yake hakuwa mtu wa uongo. Wiki ile ile alitengeneza meza ya mbao ngumu, ndefu kumfika kifuani, akawa anafanya kazi amenyooka, na mgongo wake haukumuuma hata siku moja.