Maziwa ya Mke wa Mgambo

Justina alianza na titi la kushoto, kwa sababu la kulia lilikuwa limepasuka chuchu na kila akiligusa machozi yalimtoka. Alichuchumaa nyuma ya nyumba, kibuyu kati ya magoti, akikamua haraka haraka huku masikio yakiwa barabarani, kwenye mti walikotundika rimu ya gari. Rimu ikigongwa alfajiri, kila mwenye mikono atoke aende shamba la kijiji. Anayechelewa huongezewa mstari wa pamba wa kupalilia, na jioni husimamishwa mbele ya wenzake kama mwizi wa kuku.

Mtoto wake, Shibuda, alikuwa hajajua hata kukaa. Siku za nyuma Justina alimbeba kwenda naye shambani, akamlaza kivulini na kumnyonyesha akilia. Ndipo mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Pancras, akapiga marufuku. Nchi iko vitani, alisema, vijana wanakufa huko mpakani, halafu wanawake wanakaa vivulini kutoa matiti na kupiga soga. Watoto wabaki nyumbani na bibi zao, na hakuna kurudi mchana.

Kurudi kwenyewe ni safari. Mwaka ule wa kuhamishwa walitolewa kwenye makazi yao ya zamani kwa nguvu, nyumba zikatiwa moto, wakaja kupangwa kando ya barabara ya Lusahunga, mlango kwa mlango, ili maendeleo yawafikie. Maendeleo hayajafika mpaka leo. Halafu wakaambiwa ardhi nzuri iko kule kule walikotoka, wawe wanakwenda kulima na kurudi. Pamba ya kijiji ilipandwa juu ya kiwanja cha wakwe zake Justina, na mstari wake mwenyewe ulipita pale lilipokuwa jiko la mama mkwe, hatua chache kutoka chemchemi. Katika chemchemi ile ndimo mama mkwe alikuwa akitumbukiza vibuyu vya maziwa ya ng'ombe asubuhi, na jioni anavitoa vikiwa baridi, maziwa hayajaharibika. Huku barabarani kulikuwa na bati tupu juu ya kichwa, na ikifika adhuhuri ndani hakukaliki.

Rimu ikagongwa. Justina akafunika kibuyu, akakitundika ukutani na kutoka mbio.

Jioni aliporudi, mama mkwe wake alikuwa amekaa kizingitini na kibuyu mapajani. Nshoma hakuwa mama mkwe mbaya, jamani. Justina alipojifungua, yeye ndiye aliyemkanda na kumpikia uji. Lakini tangu mwanawe, Kazimili, achukuliwe mgambo na kupandishwa lori la jeshi, Nshoma alikuwa hali wala halali vizuri, na hakuna habari yoyote iliyokuja. Alimimina maziwa kwenye bakuli jeupe la bati, akalisogeza mbele ya Justina. Juu yalielea mafuta ya manjano. Chini kulikuwa na maji ya kibuluu, kama uliyosuuzia mchele, na katikati ya hayo uzi mwembamba mwekundu.

"Mama Shibuda," alisema Nshoma kwa sauti ya chini, "niambie mimi kabla watu hawajajua. Ni nani?"

Justina alielewa. Katika ukoo ule, mume akiwa vitani, mke akilala na mwanamume mwingine, maziwa yake hubadilika rangi. Mtoto akiyanywa hufa, na huko aliko mume risasi humwona. Kila mke wa mgambo aliambiwa hivyo siku lori lilipoondoka. Justina aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la baba yake, kwamba hajaguswa na mtu. Akaonyesha chuchu iliyopasuka. Nshoma aliitazama chuchu, akatazama bakuli, kisha akainuka kwenda kumtafuta sisimizi.

Ndivyo walivyopima maziwa tangu zamani. Sisimizi mmoja hutiwa ndani: akitoka, maziwa ni salama, akifa, ni sumu. Nshoma alimdondosha katikati ya yale mafuta ya manjano. Sisimizi akanata. Alipigapiga miguu kidogo, akageuka tumbo juu, akatulia. Nshoma akaanza kulia, akilitaja jina la mwanawe. Maziwa akayamwaga nje, na usiku ule akalala na Shibuda chumbani mwake, mlango umefungwa kwa komeo.

Kesho yake, wenzake walipokwenda kunywa maji, Justina alitoroka shambani na kukimbia hadi zahanati, akigeuka nyuma kila mara asije akaonekana. Nesi Genoveva alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia maziwa ya mama yakikaa hujitenga, mafuta juu, maji chini; ayatikise taratibu tu yachanganyike. Ule wekundu ni damu ya chuchu, haimdhuru mtoto. Kinachodhuru ni kuyaacha siku nzima kwenye joto la bati. Yanataka mahali pa baridi, kwenye kibuyu kilichooshwa kwa maji yaliyochemka. Au bora zaidi, alisema, mtoto aletwe shambani anyonye.

"Basi nenda ukamwambie mwenyekiti, dada yangu," Justina alisema. "Wewe atakusikia."

Genoveva alitazama mlangoni kwanza. Alishawahi kumweleza mwenyekiti habari za watoto na maziwa, na akaambiwa nesi anayewachochea wanawake wakatae kazi wakati wa vita atapelekwa wilayani akajieleze. Aliahidi kwamba wakiitwa kwenye mkutano, atasema.

Mkutano uliitwa mapema kuliko walivyodhani, maana Justina alikuwa ameonekana akitoroka. Ndugu Pancras alikaa kwenye kiti, wengine chini. Nshoma akaitwa aeleze, akaeleza kila kitu: rangi ya maziwa na kifo cha sisimizi. Wanawake waliokuwa wakichota maji na Justina kila siku wakajisogeza mbali naye. Genoveva alisimama, akaanza vizuri kabisa habari ya mafuta na maji. Mwenyekiti akamkata. Alimuuliza kama anaweza kutia sahihi kwamba mwanamke huyu hajalala na mtu. Genoveva akasema hilo hawezi kulijua. Mwenyekiti akamwambia basi akae, na Genoveva akakaa.

"Ndugu wananchi," alisema Ndugu Pancras, "serikali haiingilii mila. Mtoto atakunywa uji kwa bibi yake mpaka baba yake arudi aje asafishe nyumba yake. Na mama, kwa kuwa sasa hana mtoto wa kunyonyesha, atapalilia siku nzima, na mstari wa adhabu ya kutoroka juu yake."

Watu walipiga makofi.

Uji ulikuwa wa muhogo, wa maji ya mtaro wa barabarani, maana chemchemi ilikuwa mbali, na miguu ilikuwa inamsumbua Nshoma. Shibuda akaanza kuharisha. Kilio chake kilichokuwa kikubwa kikawa chembamba, halafu kikawa cha kukoroma tu. Justina alikisikia kupitia ukutani, na matiti yalikuwa yamejaa mpaka yamekuwa mawe, yakimwagika yenyewe na kulowesha gauni.

Alfajiri moja Nshoma alitoka kwenda chooni na kuacha mlango wazi. Justina akaingia, akambeba mwanawe. Jinsi alivyokuwa mwepesi! Ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi. Akafungua gauni, mtoto akageuza kichwa kutafuta, mdomo wazi. Na hapo Justina akasita. Hakuna aliyemshika mkono. Je, ikiwa ni kweli? Alijijua kwamba hajakosa, lakini siku moja mgeni wa lori lililosimama barabarani alimshika mkono kumshukuru kwa maji aliyompa. Siku nyingine aliota ndoto asiyoweza kumsimulia mtu. Ikiwa sumu haiulizi ukubwa wa kosa? Ikiwa anamnyonyesha huyu hapa na huko mpakani Kazimili anaanguka? Maneno ya nesi aliyakumbuka yote, neno kwa neno, na bado hakuthubutu. Alikuwa bado amemshikilia mtoto mbali na titi wakati Nshoma aliporudi na kumchukua, na Justina akamwachia.

Rimu ikagongwa, akaenda shambani.

Jua lilipokuwa kali, maumivu yalimzidi. Aliacha jembe mwisho wa mstari, penye mafiga matatu ya jiko la zamani ambayo hakuna aliyejisumbua kuyang'oa, akachuchumaa na kukamua ardhini. Yalitoka meupe, kisha yakawa na uwekundu, yakafanya kidimbwi kidogo kwenye vumbi. Alikamua mpaka akapata nafuu. Alipofumbua macho, sisimizi walikuwa wameshafika. Walikuja kutoka chini ya jiwe la figa, wengi, wakazunguka ukingo wa kile kidimbwi, wakanywa. Justina aliwatazama. Walikunywa, wakageuka, wakarudi walikotoka, wakapishana na wengine waliokuwa wakija. Hakuna aliyekufa.

Alimwita Scholastika wa mstari wa pili aje aone. Scholastika aliinamisha kichwa na kuendelea kupalilia. Akaita tena, sasa kwa nguvu, akiwataja wanawake kwa majina yao mmoja mmoja, aje mmoja tu ambaye ataweza kumwambia mama mkwe wake. Aliyekuja ni Ndugu Pancras, na fimbo yake. Alitazama chini, akaona sisimizi, akaona maziwa.

"Wanakunywa, ndugu mwenyekiti," Justina alisema. "Tazama, wanakunywa na wanakwenda zao."

Alitazama kweli, kwa muda. Halafu akafagia vumbi kwa ncha ya kiatu mpaka kidimbwi kikafukika, akamwonyesha jembe lilipo.

Ndipo waliposikia rimu, kutoka mbali kule barabarani, ikigongwa polepole. Wote wakasimama. Ikigongwa alfajiri ni kazi. Mchana haigongwi ila kwa msiba, na siku hizi msiba ulikuwa unakuja kwa njia mbili, kwa gari la jeshi au kutoka ndani ya nyumba. Justina alikuwa ameshatupa kanga chini na kuanza kukimbia, na mwenyekiti akaweka fimbo mbele ya kifua chake.

"Malizeni mistari kwanza," alisema. "Aliyekufa hakimbii."

Wanawake wakainama. Rimu iliendelea kugongwa. Justina aliinua jembe, akalishusha, akaliinua tena, akipalilia kuelekea kwenye mafiga, na kila alipoinama maziwa yalidondoka juu ya pamba.