Jiwe la Kizingiti

Mimi ni fundi rangi. Miaka kumi na sita nimekula kwa jasho la kukwangua kuta, na adui yangu wa kwanza ni kuvumwani, ile kijani fupi inayotambaa ukutani penye unyevu. Halafu nikaenda kuoa kwenye nyumba ya mwanamke anayeifuga.

Mama mkwe ana trei nane kwenye dirisha la jikoni lisilopigwa jua. Huzinyunyizia maji ya mvua tu, ya bomba hataki hata kuyasikia, na kila aina anaijua kwa kuigusa amefumba macho. Mwanzoni nilicheka. Siku hizi nasimama pale na kikombe changu mpaka chai inapoa.

Nyuma ya trei kuna jiwe lililoota kuvumwani, la kizingiti cha nyumba yake ya zamani, iliyobomolewa. Marehemu mumewe alikuwa akikanyaga hapo kufunga kamba za viatu. "Nyingine zikifa, basi," mama aliniambia siku anakwenda kumuuguza dada yake. "Hili, mwanangu, nakuachia wewe."

Trei nilizikumbuka. Jiwe, lililo nyuma yake, nililisahau wiki tatu nzima. Niliposhtuka lilikuwa la kahawia, limekauka kau. Mazoea yakaniponza: nikashika skrepa. Ukutani tunakwangua kilichokufa kabla ya kupaka kipya, nami nikakwangua mpaka jiwe likawa tupu. Hapo ndipo akili iliponirudia. Nikakaa sakafuni, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia. Mabaki nikayafunga kwenye gazeti, maana kuyatupa nilishindwa.

Aliporudi, nilimpa lile gazeti hata hajavua viatu.

"Shikamoo, mama. Nimeiua ya baba."

"Marahaba." Akalifungua. "Uliipa maji?"

"Ilikuwa imeshakufa."

"Nyinyi mafundi mna haraka ya kuzika!"

Akavitandaza vipande kwenye sahani, akavinyunyizia, akanituma nichemshe chai. Niliporudi na vikombe, vile vipande vilikuwa vinafunguka, kijani ikirudi mbele ya macho yangu. Sijawahi kuchanganya rangi nzuri kama ile.

"Haina mizizi," alisema. "Ikikosa maji inalala tu, inasubiri."

"Na jiwe, mama? Nimelimaliza lote."

Alilitazama. Kisha akanishika mkono, akaniwekea kipande cha kwanza kwenye kidole gumba, akakielekeza kwenye jiwe.

"Bonyeza hapa," alisema. "Hapa ndipo alipokuwa anaweka mguu wa kushoto."