Kaseti ya Abeli kutoka Gulwe

Mama Abeli alifungua sanduku la bati kutafuta kitenge cha kwendea msibani kwa jirani, akakuta kaseti za marehemu mumewe hazipo. Zote kumi na nne. Akapekua mpaka chini, akavuta mashuka, akakung'uta hata shali la baridi. Hakuna kitu. Akakaa kitandani na kumpigia simu binti yake.

"Mama, nilitaka iwe zawadi," Anna alisema kutoka ofisini, kwa sauti ya furaha kabisa. "Nimezipeleka kwa fundi mmoja pale mtaa wa Kikuyu azihamishie kwenye kompyuta. Kwaya yote ya baba! Nikitoka kazini nazipitia, Jumapili tunasikiliza wote."

"Umepeleka zote?"

"Zote. Hata ile isiyoandikwa kitu."

Mama Abeli hakuaga. Alitoka nyumbani kwake Nzuguni bila kufunga mlango wa jikoni, akasimamisha bajaji ya kwanza aliyoiona, na njia nzima alikuwa ameshika chuma cha kiti kama mtu anayevuka mto.

Kwa miaka ishirini na saba habari za kaseti ile alizijua yeye na Mungu tu. Ilimfikia wakati mvua za Elinino zimepamba moto. Abeli, kifungua mimba wake, alikuwa kibarua kwenye genge la watengeneza reli kule Gulwe, na huko akaanza kuishi na mwanamke aliyeitwa Paskazia, mtu wa Bukoba, aliyeachika na aliyemzidi umri. Mama Abeli akaapa kwamba mwanamke yule hatavuka kizingiti chake, na kwamba Abeli asimtumie hata salamu mpaka amwache. Miezi ikapita kimya. Ndipo siku moja mfanyakazi wa treni akaja nyumbani na kaseti mkononi. "Abeli anasema muisikilize leo leo," akasema. Mama Abeli akadhani ni maneno ya kumtetea yule mwanamke, akaitupia sandukuni kwa hasira. Mumewe, Mwinjilisti Sostenes, alikuwa shambani. Hakumwambia.

Siku ya tisa ikaja habari kwamba Abeli amekufa kwa homa, na ameshazikwa hukohuko kwa sababu mafuriko yamekata njia. "Mbona hakutuma hata neno?" mzee Sostenes aliuliza siku ile. Akauliza tena mwaka uliofuata, na akauliza wiki aliyokufa mwenyewe. Kila alipouliza, mkewe aliinamisha kichwa. Kaseti ile aliogopa kuisikiliza, na kuitupa pia aliogopa.

Duka la fundi Ambokile lilikuwa chumba kimoja kilichojaa redio za zamani mpaka darini. Fundi mwenyewe, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinuka kumpisha kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni mama yake Anna. Nimefuata kaseti zetu, tumeghairi."

"Lo! Kumi na tatu nimeshamaliza, mama. Imebaki hii moja, na hii mgonjwa." Akamwonyesha mezani. Kaseti isiyoandikwa kitu ilikuwa imefunguliwa, utepe wake wa kahawia uko wazi kama utumbo wa kuku. "Umeganda kwa kukaa. Nauhamishia kwenye ganda jingine, taratibu, maana nikivuta vibaya unakatika."

"Nipe hivyohivyo."

"Binti yako amepiga sasa hivi, yuko njiani. Nikikupa wewe, yeye nimwambie nini?"

"Mwambie imekatika."

Fundi akavua miwani, akamtazama. "Mama, haijakatika mikononi mwangu. Humo kuna nini?"

"Sijui," alisema Mama Abeli, na hilo lilikuwa kweli. "Ningejua nisingeogopa hivi."

Ambokile akavaa tena miwani. Kisha akasema kwa upole, "Foleni ya jioni unaijua. Huenda akachukua nusu saa. Kama unataka kusikia kabla yake, ni sasa."

Mama Abeli akaitikia kwa kichwa, ingawa hakujua kichwa kile kimekubalije. Fundi akashika bisibisi ndogo, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, akaizungusha kaseti kwa kalamu mpaka ikalainika. Akaipachika kwenye deki iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Na Mama Abeli, mke wa mwinjilisti, akajikuta anamwomba Mungu utepe ukatike.

Haukukatika. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa kijani ulianza kutetemeka. Kwanza mvua juu ya bati. Kisha mtu akakohoa.

"Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Mimi Abeli. Nimeazima redio ya nyapara na betri zimechoka, sitasema mengi. Naumwa. Wiki ya pili sasa, na dawa za hapa hazinisaidii. Mama, najua umekasirika, sikuletei ugomvi. Paskazia amejifungua mtoto wa kike. Leo ana siku kumi na mbili. Nimempa jina lako, Ruthu."

Kikasikika kilio cha mtoto mchanga, chembamba, karibu sana.

"Huyo ndiye. Nikipona nitakuja kuwapigia magoti. Nisipopona, njooni mumchukue yeye na mama yake. Hapa hawana mtu. Nimemwambia Paskazia asiondoke, nyumbani watakuja..."

Hapo sauti ikaanza kukimbia. Ikapanda, ikawa nyembamba, maneno yakagongana kama ya mtoto anayefukuzwa, kisha ikakatika, ukabaki mvumo mtupu.

"Betri zilikuwa zinakufa," fundi alinong'ona. "Redio ikirekodi huku inazunguka polepole, ukija kusikiliza sauti inakimbia hivyo."

Mama Abeli hakumsikia. Kwamba mwanawe aliugua na kuita, hilo alilihofia miaka yote, na kwa namna fulani alikuwa amelizoea. Lakini habari ya mtoto hakuitarajia. Alikuwa amekaa na mtoto sandukuni miaka ishirini na saba, akipanga mashuka juu yake.

"Mama."

Anna alikuwa mlangoni, mkoba wa ofisini begani. Uso wake ulionyesha amesikia.

"Hiyo kaseti ilikuja lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: ilikuja baada ya mazishi, haikuwa na faida tena. Lakini alikuwa amechoka kuinamisha kichwa.

"Siku tisa kabla ya habari za msiba. Niliipokea mimi."

"Baba amekufa anauliza," Anna alisema.

"Najua."

Anna alichukua flashi kutoka kwa fundi, akamrudisha mama yake Nzuguni. Siku mbili hakupiga simu. Mama Abeli hakula, na kila gari lililopita lilimshtua. Jumamosi asubuhi honi ikalia nje.

"Panda," Anna alisema. "Tunakwenda Gulwe."

Walipopita Mpwapwa, Mama Abeli aliacha kutazama nje. Huenda wamekufa, aliwaza. Na kama hawajakufa, je?

Stesheni ya Gulwe hawakuuliza mara mbili. "Yule mama Mhaya? Nyumba ile nyuma ya reli. Hajawahi kuhama," mtu mmoja aliwaambia.

Msichana aliyekuwa akipepeta mahindi uani aliinua uso, na Anna akamshika mama yake mkono, kwa sababu macho yale yalikuwa ya Abeli.

"Wewe ndiye Ruthu?" Anna aliuliza.

"Mimi Jenifa." Akawatazama kwa zamu. "Mama aliacha kuniita Ruthu nikiwa mdogo. Nyie ni nani?"

Mama Abeli alisema yote akiwa amesimama juani, hakujipunguzia hata neno. Anna akatoa simu aliyoihamishia sauti ile, akampa Jenifa. Jenifa akaingia nayo ndani na kufunga mlango. Walisikia mvua ya Elinino kupitia dirishani, na kikohozi, na kilio. Ilipokwisha ikaanza tena. Mara tatu.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Sikuwahi kuisikia sauti yake," alisema. "Mama yule pale, anarudi kutoka sokoni. Hayo mengine mtamwambia wenyewe."

Mama Abeli akageuka. Mwanamke mwenye mvi alikuwa anavuka reli, kikapu kichwani, hana haraka. Angeweza kurudi garini, Anna asingemzuia. Akabaki alipo.

Paskazia aliwafikia, akatua kikapu. Hakusema shikamoo. Alimtazama Mama Abeli usoni, akaiona sura ya Abeli.

"Tulisubiri," akasema.

"Nimekuja kusikia hilo," Mama Abeli akajibu.

Paskazia akainua kikapu chake, akausukuma mlango kwa bega, akauacha wazi.

"Basi ingieni. Jua kali."