Mtani Aliyelia

Enzi hizo, kabla Saida hajapiga mswaki, simu yake ilikuwa imeshamtukana. "Wewe Mmakonde, umeamka au bado unachonga?" Ilikuwa sauti ya Mzee Yusufu, Mmakua mwenye kiwanda kidogo cha kukaanga korosho kule Naliendele. Saida, akiwa bado kitandani kwake Ufukoni, alibonyeza kitufe akamrudishia: "Nimeamka, ninyi mliovuka Ruvuma kwa kupotea njia. Leo usiniunguzie korosho." Ndipo siku ilipoanza.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Saida hakununua korosho wala hakuziweka ndani. Alizipiga picha, akazisifia mtandaoni, akaweka linki yenye jina lake. Mtu wa Dodoma au Mwanza akiibonyeza na kununua, mzigo ulitoka kwa Mzee Yusufu na Saida akapata kamisheni. Siku hizi wamejaa wa namna hiyo, leo wanasifia mafuta ya nywele, kesho godoro, na mwenye bidhaa hata sura yake hawaijui. Saida hakuwa hivyo. Yeye alikuwa na mtani wake. Mteja akilalamika, hakuzunguka: "Mmakua, umeniuzia mkaa." Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwaga karai zima na kukaanga upya. Maneno ambayo kwa watu wengine yangezua ugomvi, kwao yalipita kwa kicheko.

Kisha Mzee Yusufu akafariki, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Kiwanda kikashikwa na binti yake Rehema, aliyeacha kazi ya benki Dar es Salaam akarudi nyumbani. Rehema alikuwa na adabu zake. "Habari za asubuhi, Bi Saida. Mzigo umetoka. Asante." Saida naye akajibu kwa adabu.

Haukupita muda, wateja wakaanza kusema korosho zimekuwa mbichi kwa ndani. Saida akameza maneno. Utamwambiaje hivyo mfiwa anayekuita Bi? Akawaomba radhi yeye, akawabembeleza, nao wakaondoka mmoja mmoja. Asubuhi zake zikawa kimya, na kimya hicho, niseme ukweli, kilimuuma kuliko kamisheni aliyoikosa.

Ndipo ukaja ujumbe: "Bi Saida, naomba ufike tuzungumzie mustakabali wa linki." Saida hakuhitaji kufafanuliwa. Mustakabali ni neno la mtu anayetaka kukuacha bila kukuudhi.

Alipofika Naliendele alipewa kiti, akaletewa chai na kisahani cha korosho. Rehema akaeleza kwa upole: mauzo yameshuka, gharama zimepanda, ameonelea kuanzia mwezi ujao auze mwenyewe. "Nakushukuru sana kwa ulivyoshirikiana na marehemu," alimalizia.

Saida alitupia korosho moja mdomoni. Katikati ilikuwa mbichi kabisa, ikamnata menoni. Nyuma ya Rehema, kwenye msumari, kofia ya Mzee Yusufu ilikuwa bado inaning'inia. Alitamani mno kutukanwa. Akajua pia kwamba akiaga vizuri hapa, na asante zake mkononi, basi imekwisha.

"Mmakua," alisema, "korosho gani hii? Hata panya wa kwetu angeitema."

Rehema akakiweka kikombe mezani taratibu.

"Kumbe unajua," alisema.

"Najua nini?"

"Kwamba sisi ni watani. Msibani nilikungoja wewe, dada Saida. Mama alisema sufuria ya wali isiguswe, tumngoje Mmakonde wa baba yenu aje kuikalia mpaka tumbembeleze. Shangazi akaificha kofia usije ukaivaa mapema. Wewe ukaja ukalia na watu, ukala, ukaondoka. Tulimaliza matanga bila mtu wa kutuchekesha. Nikajua umeachana nasi, ndiyo maana nikaanza kukuita Bi."

Ni kweli Saida alilia. Alimpenda yule mzee, na siku ile mapenzi yalimsahaulisha kwamba kazi yake pale ilikuwa kumdhihaki.

Akainuka, akaitungua kofia msumarini, akaivaa juu ya ushungi. Akaenda kwenye karai, mikono nyuma, mguu mmoja akiuburuza, akiukemea moto, akiwaita wakaangaji mizigo mitupu, akikohoa kile kicheko cha mzee. Wanawake waliokuwa wakibangua korosho uani wakajazana mlangoni. Mmoja alianza kupiga kigelegele, kikamkatikia mdomoni. Rehema alicheka, akacheka tena, mpaka kanga ikapanda usoni na haikujulikana tena kama anacheka.

"Linki yako ibaki," alisema kutoka ndani ya kanga. "Na malalamiko yote uliyonificha uniletee, bila hiyo adabu yako."

"Adabu ulianza wewe, Mmakua."

Saida akaivua kofia ili airudishe msumarini. Rehema akamshika mkono.

"Umekosea," alisema. "Alikuwa akiuburuza mguu wa kushoto. Rudia, dada. Polepole."