Kilo Sita za Utani

Idrisa Kihwele alikuwa mtu wa kupima. Ndiyo kazi aliyoajiriwa na serikali, ukaguzi wa mizani na vipimo katika mikoa ya Mbeya na Iringa, na ndiyo tabia iliyomganda hata pasipo kazi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua jalada lolote, alipanda juu ya mizani ya ofisi, akazikuta kilo zake sitini na nane mahali pake, akasema alhamdulillahi, akaketi. Aliyesomeshwa chuo cha Kurani tangu utotoni kwamba ole wao wapunjao vipimo hawezi kuiona mizani kuwa chuma tu.

Basi mwaka ule wa sabini na nne, kampuni mbili za ndege ndogo zilipoanza kugombea abiria wa Mbeya na Iringa, Idrisa alizipima nazo. Kampuni ya Korongo ilikuwa na viti vya ngozi, na chai ya tangawizi kabla ya kuruka, lakini ndege yao iliruka Jumanne na Jumamosi tu. Kampuni ya Mwewe viti vyake vilikuwa vya turubai na chai haikuwapo, ila iliruka kila siku isipokuwa Jumapili, tena ilitoa kadi. Kadi yenyewe ilikuwa kipande cha karatasi ngumu chenye vyumba kumi. Kila safari karani aligonga picha ya mwewe katika chumba kimoja, na vyumba vikijaa, mwenye kadi hupewa kiti kimoja bure, akikalie mwenyewe au amkalishe amtakaye.

Kwa kuwa safari zake zililipiwa na serikali, Idrisa hakuipokea kadi ile mpaka alipomwandikia mkubwa wake kuuliza kama picha zile zitakuwa halali yake. Jibu lilikuja baada ya mwezi mzima: serikali haina haja na picha za mwewe, azichukue kwa amani. Barua hiyo aliikunja, akaiweka pamoja na kadi katika mfuko wa koti.

Kiti cha bure kilikuwa na mwenyewe tangu picha ya kwanza, maana nauli ya kulipa mfukoni ilizidi mshahara wa Idrisa wa mwezi. Mama yake, Bi Sikuzani, aliishi Mlandege, mjini Iringa, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawatambua watu kwa sauti na kwa mwendo. Mwaka uliotangulia alivunjika nyonga. Mfupa ulishika, lakini kukaa kutwa nzima ndani ya basi hadi Mbeya hakungewezekana tena. Na daktari bingwa wa macho aliyeletwa Mbeya kwa majuma mawili alikuwa anamaliza kazi yake Jumamosi. Ndege ilikwenda kwa saa moja na robo.

Alhamisi ile Idrisa alikuwa na picha tisa. Safari ya kikazi ya siku hiyo ndiyo ingekuwa ya kumi, na Ijumaa angerudi amemshika mama mkono. Aliswali Alfajiri nyumbani kwake Ilomba, akaomba khatima njema, akatoka katika baridi ya Julai akiwa amebeba sanduku lake la mawe ya kupimia.

Uwanjani alimkuta karani wa Mwewe, Marcelino Komba, Mngoni wa Songea. Idrisa ni Mhehe, na Mngoni na Mhehe, kama ijulikanavyo, ni watani tangu vita vya mababu. Hakuna neno ambalo mmoja hawezi kumwambia mwenzake, na hakuna neno ambalo mmoja anaruhusiwa kulikasirikia.

"Kaeni mbali na mizani," Marcelino aliwaambia abiria, "Mhehe anapanda. Sijui itastahimili. Majuzi mbwa watatu wamepotea hapa uwanjani, na wala mbwa tunawajua, ni Wahehe."

"Waliukimbia uso wako," alijibu Idrisa. "Babu zako walikimbia mpaka ngao wakaziacha njiani. Mbwa ni nani asikimbie?"

Abiria walicheka. Mizani ile ilikuwa ya jukwaa, ya kale, ilitoka katika ghala la kahawa, na kwenye mkono wake wa chuma lilining'inia jiwe dogo la kusawazishia. Marcelino alisogeza kipimo, akatangaza, "Kilo sitini na mbili. Mtani, nimekupunguzia sita. Usiseme Wangoni hawana zawadi."

Idrisa, aliyekwisha kumwambia zamani kwamba ana sitini na nane, alicheka naye, kama alivyocheka safari zilizopita. Kwa miezi minne mizani ya Mbeya ilimpa kilo sitini na mbili, na ya Iringa sitini na nane, naye alijua sababu: Iringa karani si mtani wake. Aliamini Marcelino huweka kidole kwenye mkono wa mizani ili amcheke, na mtu hamshitaki mtani wake kwa kidole.

Ila siku hiyo palikuwa na mzigo mwingi, magunia ya mbegu za viazi kutoka kituo cha utafiti cha Uyole, na rubani, kijana mtulivu aitwaye Mika, aliagiza kila kitu kipimwe, hata yale abiria waliyozoea kuyapakata. Sanduku la Idrisa likawekwa juu ya jukwaa. Marcelino alikuwa ameshika kalamu kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili.

"Kumi na nane na ushei," akasoma, akaandika.

Kicheko kilimkauka Idrisa. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na mawe ya shaba yaliyopimwa Dar es Salaam mwaka hadi mwaka, na pamoja na sanduku lenyewe uzito wake ulikuwa kilo ishirini, bila kuzidi wala kupungua. Sanduku halina mtani. Na hapakuwa na kidole popote.

Akalitazama jiwe la kusawazishia. Lilikuwa jipya, jeusi, limechongwa kwa tupa.

"Marcelino, jiwe hili umelipata wapi?"

"Lile la zamani lilipotea, miezi minne hivi. Fundi mmoja alinichongea hili. Zuri, sivyo?"

"Ni zito mno. Mizani yako inasema uongo. Kila kilo kumi na moja yenyewe inaziita kumi."

Marcelino aligeukia abiria, akiwa na furaha tele. "Mmesikia? Mhehe amenenepa, sasa analaumu jiwe."

Wakacheka tena. Idrisa alisimama kati ya kicheko chao, na hapo ndipo wazo lilipomjia, laini kama pamba. Ndege hii imeruka hivi miezi minne na haijaanguka. Aseme ametania, apande, agongewe picha ya kumi. Kesho amlete mama, maana mizani ya Iringa ni ya kweli na safari ya kurudi haina hatari. Jumamosi daktari. Jumatatu aje na muhuri wake aifunge mizani hii kwa haki zote. Ni siku nne tu.

Akawatazama wale ambao siku hizo nne zingewapitia. Palikuwa na muuguzi, Lea, aliyekuwa akirudi kazini Iringa, wanakwaya wawili, na mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Usangu, Masunga, mtu wa pande la mwili, aliyevua kofia yake kabla ya kupanda mizani kana kwamba nayo ingehesabiwa. Idrisa aliona haya. Miezi minne alikuwa amepanda juu ya uongo, yeye mkaguzi, akacheka akashuka.

Alimwita rubani pembeni. "Bwana Mika, mimi sitanii. Leta gunia moja la Uyole. Mizani yao niliipiga muhuri mwenyewe mwezi uliopita, na kila gunia ni kilo hamsini."

Gunia likaletwa. Mizani ikasema arobaini na tano na nusu.

Mika aliinama, akalitazama lile jiwe jeusi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo maana. Siku hizi ndege inanyanyuka pale mwisho kabisa, karibu na ule ua wa mikaratusi. Nilifikiri ni mimi nimeanza kuwa mwoga." Akachukua daftari la Marcelino, akapiga hesabu upya, akaipiga mara ya pili. "Magunia yote yashuke. Na bado mtu mmoja abaki."

Marcelino alikuwa ameacha kucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba alikuwa akiwapungia watu mkono kwenye ukingo wa shimo refu.

Abiria wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyeuliza nani abaki, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kujibiwa. Idrisa akatoa lebo nyekundu katika koti lake.

"Nabaki mimi," alisema. "Sheria inataka niifunge mizani hii na niandike taarifa. Siwezi kuifunga nikiwa angani."

Aliifunga. Akapitisha waya, akaupiga muhuri wa madini ya risasi. Katika dirisha la Korongo, Yudith, karani wao, alikuwa ameinama akitazama yote.

"Bwana Vipimo," aliita, "karibu kwetu. Chai ipo, na mizani yetu haina fitina."

"Nitakuja, dada. Nitakuja na sanduku, na chai sinywi."

Alikwenda, akaipima. Mizani ya Korongo ilikuwa ya kweli hata kwa robo, akawaandikia hivyo. Lakini ndege yao ijayo ingerudi kutoka Iringa Jumamosi jioni, na wakati huo daktari angekuwa amekwisha kufunga mkoba wake; nayo ya Mwewe, iliyokwenda siku moja na kurudi siku ya pili, isingekwenda tena Iringa kabla ya Jumamosi.

Aliporudi, Marcelino alikuwa amesimama na muhuri wa mwewe mkononi. Hakuwa na sauti ya utani. "Kaka Idrisa, nipe kadi. Nikugongee hii ya kumi. Najua ya mama, umenieleza tangu picha ya tatu. Bila wewe leo ningewazika watu hawa."

"Sijasafiri, Marcelino."

"Ni picha tu."

"Na lile lilikuwa jiwe tu," alisema Idrisa. Akamshika bega, maana aliona kwamba mwenzake anakaribia kulia. "Mungu akulipe kwa nia yako. Mimi nami nilicheka miezi minne. Katika taarifa nimeandika hivyo, mstari wa kwanza."

Masunga alikuwa akisikiliza, kofia kifuani. Alijongea kwa hatua za mtu aliyezoea kupita katikati ya ng'ombe bila kuwashtua.

"Mzee wa mizani," alisema, "mama yako hana macho?"

"Yapo, ndugu yangu, ila yamefunikwa. Daktari anaondoka Jumamosi."

Masunga akatoa kadi iliyokunjwa mara nne. Vyumba vyote kumi vilikuwa na mwewe. "Mimi nilikuwa nangoja kumpandisha mke wangu, Ngolo. Lakini yeye ndege anaiogopa, anasema mtu aliyeumbwa na miguu aitumie. Mimi narudi kesho. Huyo mama nitakuja naye."

Idrisa alirudi nyuma nusu hatua. "Mimi ni mtumishi wa serikali, Bwana Masunga. Siwezi kupokea kitu kwa mtu ambaye kesho nitamkagua mizani yake."

"Mizani gani?" Masunga alishangaa kweli. "Ng'ombe wangu wanauzwa mnadani kwa macho. Tangu nizaliwe hakuna ng'ombe wangu aliyepanda mizani. Labda uje uwafundishe."

Mika ndiye aliyeanza kucheka, kisha Lea, kisha Marcelino, kicheko cha watu waliotua mzigo. Idrisa alitafuta kizuizi kingine moyoni mwake, akakikosa. Akasema alhamdulillahi mara tatu, taratibu, akaomba karatasi, akaandika barua fupi ya kupelekwa Mlandege: kwamba mleta barua hii ni mtu wa kuaminika, amfuate bila wasiwasi.

Ndege iliruka. Kwa mara ya kwanza tangu Machi iliuacha uwanja ikiwa bado katikati.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Idrisa alikuwa ukingoni mwa uwanja. Mwewe waliazima mizani ya Uyole, na Marcelino alikuwa ameifuta vumbi mpaka ikang'aa. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, Masunga alishuka kwanza, akageuka, akamshika Bi Sikuzani mikono yote miwili, akamteremsha ngazi moja moja kama mtu ashushaye chungu chenye maziwa.

"Polepole, mayu," alikuwa akisema. Ndivyo Wasukuma wamwitavyo mama. "Imebaki moja. Hapo, umefika."

"Huyu mtoto," Bi Sikuzani alimwambia mwanawe baada ya salamu, "amenieleza kila mlima tulioupita. Sikuona hata mmoja, na nimeiona safari yote."

Masunga alikataa mwaliko wa chai nyumbani, akasema ana lori la kuwahi kwenda Igawa, akaondoka.

Jumamosi daktari alimpokea Bi Sikuzani, wa mwisho katika foleni, akampasua macho. Baada ya siku kadhaa bandeji ilipoondolewa, alimtazama mwanawe, akamwambia amekonda, akaomba maji ya udhu, akaswali rakaa mbili za shukrani huku akiitazama mikono yake mwenyewe. Halafu akauliza, "Yule Msukuma yuko wapi?"

"Usangu, mama. Nitampelekea salamu."

"Salamu hazilipi deni langu. Asiyewashukuru watu, mwanangu, hajamshukuru Mola wake. Mwite."

Masunga alifika Ilomba wiki ya tatu, akiwa njiani kwenda Uyole, viatu vimejaa vumbi la mnadani. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, hajui pa kuweka macho. Bi Sikuzani alivuta kigoda chake mpaka wakawa uso kwa uso.

"Una haraka?"

"Kidogo, mayu. Nimeacha ng'ombe."

"Wataningoja. Sauti yako ninayo tangu Iringa. Sasa kaa hivyo hivyo, nikutazame."

Masunga akakaa. Idrisa alileta chai, akaiweka kati yao, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Bi Sikuzani alimtazama yule mtu paji la uso, nyusi, kovu dogo la kidevuni, tena akaanza upya kutoka juu, na hakuna aliyemharakisha.