Gari Lisimame Kwanza

Mama mkwe alisema hapandi. Alisimama mlangoni, macho yote mawili yamefungwa na mtoto wa jicho, akamsikiliza mume wangu akilitoa gari uani. Kwenye kila shimo magurudumu ya mbele yaligonga, ko, ko.

"Jeneza hilo pandeni wenyewe," akasema. "Mimi niacheni na upofu wangu."

Operesheni ya macho yake ilikuwa kesho yake asubuhi. Tulikuwa tumeingoja miezi minane, na asiyefika siku yake anarudi mwisho wa foleni. Gari la kukodi mama mkwe hakutaka hata kulisikia. Fundi wetu wa magari alikuwa safarini. Basi mume wangu, seremala wa miaka thelathini, akasema kazi ataifanya mwenyewe. Chuma, alisema, ni mbao iliyokosa adabu tu.

Tulinunua bolijointi mbili, vile viungo vya chuma vya magurudumu ya mbele, na bushi mpya, zile pete za mpira zinazoshika mikono ya magurudumu. Sitasema uongo, alifanya kazi safi. Bushi za zamani alizitoa zimepasukapasuka kama kisigino. Saa tisa akarudisha magurudumu, akashusha jeki, akazunguka mtaa.

Kugonga kulikwisha. Lakini gari lilirudi limeinua pua, na kwenye kila tuta lilipiga kelele ya mlango mkavu.

"Nasikia," mama mkwe akasema kutoka ndani. Hakuna aliyemuuliza.

Mume wangu akatupa spana chini. "Nimekaza kila nati mpaka mwisho, mke wangu. Hakuna iliyolegea."

Hapo nilipandwa na hasira. Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na sita na hajawahi kuacha kitu kimelegea, hata kifuniko cha chupa ya mafuta nafungua kwa meno. Kwake kiungo kinachocheza ni aibu ya ukoo.

"Ulizikaza gari likiwa wapi?"

"Juu ya jeki. Ningezikazia wapi?"

"Mikono inaning'inia?"

"Inaning'inia, ndiyo."

Mimi ni fundi cherehani. Suruali siikunji mteja akiwa amekaa. Napiga bandi kwanza, mshono wa kushikiza tu, mteja anasimama wima, ndipo nashona.

"Umeubana mpira ukiwa unaning'inia," nikamwambia. "Sasa gari limesimama, mpira umejipinda, unalia. Legeza, lisimame kwanza, ndipo ukaze."

Alinitazama kana kwamba namfundisha kushika msumeno. Kisha akaleta mbao nene, akayapandisha magurudumu juu yake ili apate pa kupenya, akalegeza bolti za bushi. Pua ikashuka yenyewe, taratibu. Akakaza.

"Fundi cherehani," akasema huko chini, "usimwambie mtu."

Asubuhi akalipitisha gari kwenye tuta la getini mara tatu. Kimya. Mama mkwe akaomba mara ya nne. Kimya tena, nami nikahisi mzigo wa miezi minane unanishuka mabegani, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Akaingia, akakaa nyuma pamoja nami. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Kisu cha daktari nakiogopa, mwanangu," akaninong'oneza. "Ningejua gari litapona, ningetafuta sababu nyingine."

"Najua, mama."

Akanibana vidole, akamgeukia mwanawe. "Haya, ondoa gari kabla sijaipata hiyo sababu."